Moshi wa Mjomba: Jiko la Bibi Limepoa

Wiki iliyopita tulimwacha Solange Blackburn ofisini kwake, kalamu mkononi, na mbele yake Bibi Terborg, mkaguzi aliyetoka Ulaya, amefunika karatasi kwa kiganja ili isitiwe saini. Kiganja bado kipo pale pale. Bibi Terborg si mtu wa kuondoa kiganja kwa pupa.

"Kuna mwanamume alitupigia simu," alisema. "Hakutaja jina. Alisema alumini yenu haitoki hapa mtoni. Ni ya makaa ya mawe, inatoka mbali, na nyinyi mnaibatiza jina jipya."

"Mwanamume gani?"

"Nilisikia sauti tu. Kama mtu anayesema na kupiga filimbi kwa wakati mmoja."

Solange akadhani ni upepo. Januari ile hata mbwa wa mji wetu wa La Baie walikuwa wanabweka kwa filimbi.

Msomaji uliyechelewa, keti upesi, maana hatutarudia. Kazi ya Solange ni kuhesabu moshi. Kiwanda cha Trois-Caps husubu magogo ya alumini na kuyapeleka Antwerp, na Ulaya siku hizi hutoza kila mzigo kwa moshi uliotoka wakati unatengenezwa. Alumini iliyoyeyushwa kwa umeme wa bwawa ina moshi kidogo. Ya makaa ya mawe ina moshi wa kutisha. Kodi ya kaboni iliyolipwa hapa Quebec hupunguzwa kule mpakani, mradi mtu mmoja aandike jina lake chini ya hesabu na kusema: nimehesabu mimi, na ni kweli.

Mtu huyo ni Solange. Jina lake likichafuka, hakuna atakayempa tena kazi ya kuhesabu hata mayai, na huenda hakimu akataka kumwona.

"Mizigo yote iliyopita ina saini yako," alisema Bibi Terborg. "Imebaki hesabu hii ya mwaka mzima. Nenda kale kwanza, mtu hatii saini na njaa. Mimi nitakunywa kahawa yangu hapa hapa. Ukirudi utaniambia jambo moja tu: unatia saini, au unaondoa jina lako."

Ale nini, na maikrowevu ilikuwa nyuma ya kiti cha mkaguzi? Maikrowevu ile nyeupe ilikuwa zawadi ya Mjomba Réjean, mwenye kiwanda, pamoja na ofisi yenyewe ya ghorofani na zulia lake. Tangu apewe, majani yalipoanza kuanguka, Solange hakuwa amekula chini na wenzake hata mara moja. Lakini asubuhi hiyo mama yake, akimkabidhi pai ya nyama, alimwambia, "Leo usiile ofisini kama tajiri. Kalie chini na wenzako."

Akaibeba pai yake, baridi kama jiwe la kaburi, akashuka.

Chini kuna kitu kinachoitwa Jiko la Bibi. Si jiko, na hakuna bibi. Ni bamba la chuma lililopigiliwa ukutani katika banda la kupokelea, pale ambapo lori kutoka kiwanda mama cha juu ya mto huteremsha chungu kikubwa cha alumini iliyoyeyuka. Chungu hukaa pale kikipumua, bamba hushika joto, na wafanyakazi, tangu enzi za babu zao, huweka pai zao juu yake asubuhi na kuzikuta mchana zinatoa mvuke. Ukipeleka pai yako tanurini kwenyewe utapata mkaa. Kwenye Jiko la Bibi unapata chakula. Marehemu baba yake Solange alikuwa na kona yake, ya kushoto, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kuweka hapo hata soksi.

Solange akaiweka pai kwenye kona ya baba. Akaweka na kiganja, kama alivyozoea utotoni.

Kikanata. Bamba lilikuwa na ukungu wa barafu.

Akageuka. Wanaume wa kiwanda walikuwa wamepanga foleni mbele ya maikrowevu moja kuukuu, kila mmoja na pai yake kifuani, kama waumini wanaosubiri komunyo. Walipomwona, mazungumzo yakakatika.

"Jiko la Bibi limekuwaje?" aliuliza.

"Bibi anaumwa," akajibu mmoja. Wawili wakacheka, kisha wakajutia.

"Tangu lini?"

"Waulize wenye zulia," akasema mwingine, na kuifungua maikrowevu kwa nguvu isiyohitajika.

Hapo ndipo Clovis alipomshika mkono. Clovis Harvey ni msimamizi wa tanuri na mchumba wa Solange. Jino lake la mbele liling'olewa kwenye hoki alipokuwa kijana, na amekataa kuweka la bandia kwa sababu, anasema, pengo ndicho cheti pekee alichowahi kupata.

"Soso, njoo huku nje. Watu wanasikiliza."

"Chungu hakiji, Clovis?"

"Kinakuja. Kinachelewa tu. Barabara mbaya."

"Barabara gani inayogandisha bamba?"

Clovis akatazama viatu vyake.

Walikuwa wamefika uani. Nyuma ya ghala palikuwa na vichuguu vya theluji ambavyo Solange alikuwa anavipita kila siku akidhani ni theluji. Akashika pembe ya turubai, akavuta. Chini yake kulikuwa na matofali ya alumini, mamia kwa mamia, yamepigwa mihuri ya viwanda asivyovijua.

Sasa ilimjia yote kwa mkupuo, na ilimjia kihasibu, ambayo ndiyo njia inayouma zaidi. Metali ikifika imeyeyuka, tanuri halili gesi nyingi. Ikifika ni tofali baridi, tanuri linakula gesi kama nguruwe. Na bili ya gesi ilikuwa imepanda. Aliiona. Yeye mwenyewe, mwenye shahada mbili ukutani, aliiandika nyongeza yote kuwa gharama ya kupasha joto jengo. Mtu wa nchi ya jua angeuliza maswali. Mtu wa huku kwetu Saguenay haihoji bili ya gesi ya majira ya baridi, kama vile hakihoji kifo. Analipa na kuvaa sweta nyingine.

"Gesi," alisema. "Niliandika ni ya kupasha jengo. Clovis, niliiandika kwa mkono wangu."

"Najua."

"Ulijua haya yote?"

"Kila mtu alijua, Soso. Isipokuwa Ulaya na wewe."

"Na mkaniacha nitie saini."

"Tungekuambia ungekataa."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakuwahi kuishi Saguenay, ambako mtu huvaa nguo nne na hajui aanze kupekua ipi.

"Namleta yule mama hapa," alisema Solange. "Aguse lile bamba kwa mkono wake. Sihitaji kueleza kitu."

Clovis akamshika mabega. Sauti yake ikawa laini. "Una haki. Kabisa una haki. Ila usimwaibishe mzee mbele ya mgeni kabla hajapata nafasi ya kutubu mwenyewe. Kaongee naye kwanza. Na habari ya bamba usimwambie yeyote, hata yeye."

"Wewe uko upande gani?"

"Tunaoana mwezi wa saba. Nitakuwa upande gani mwingine?"

Wewe msomaji umeshaguna hapo ulipo. Solange hakuguna. Alimshukuru, akambusu karibu na pengo, akapanda ngazi kwenda kwa Mjomba wake.

Mjomba Réjean Potvin alikuwa anakula supu ya maharagwe mapana. Ndiye aliyemlea Solange tangu baba alipofariki. Ndiye aliyemfundisha kuteleza kwenye barafu bila kulia, na ndiye aliyelipa karo zile za shahada mbili. Akasukuma simu yake kando ya bakuli, akamwonyesha kiti kwa kijiko.

"Keti, mwanangu. Iko ya kutosha."

"Mjomba, chungu cha mwisho kilikuja lini?"

Mjomba akapuliza supu. "Kumbe umeshuka chini."

"Ndiyo maana ulinipa maikrowevu."

"Nilikupa maikrowevu kwa sababu wewe ni mtoto wa dada yangu."

"Na zulia?"

"Zulia lilikuwa la bure. Walikuwa wanafunga duka."

"Mjomba."

Akaweka kijiko chini. Hakujifanya hajui, na hilo lilimuumiza Solange kuliko uongo. "Kiwanda mama kilipandisha bei," alisema. "Wateja wa kusini ya mpaka walikimbia ushuru wa serikali yao wenyewe. Imebaki Ulaya, na Ulaya inataka alumini safi kwa bei ya chafu. Ningefanyaje? Nifunge? Wale walioko chini wangekula nini, theluji?"

"Ungeniambia. Ningeihesabu kama ilivyo, na moshi wetu tungeulipia."

"Tungeulipia na nini?"

"Kwa hiyo nimeulipia mimi. Kwa jina langu."

"Jina lako nimelisomesha mimi," alisema Mjomba, taratibu, kama mtu anayekumbusha saa ya kulala.

Solange alihisi kitu kinavunjika mahali fulani chini ya sweta ya tatu. "Ulilisomesha ili uje uliuze?"

"Sikuliuza. Nililiazima. Jina la mtoto wa dada yangu ni la nyumbani, haliombwi kwa barua." Akajipangusa mdomo. "Na ukiliondoa leo, mzigo wetu utahesabiwa kwa kiwango cha wasio na hesabu, ambacho ni cha juu kabisa. Mnunuzi ataondoka. Baba yako alifanya kazi hapa mpaka mwisho wake, Solange."

"Usimwingize baba."

"Haya, simwingizi." Akachukua kijiko tena. "Kamlete mkaguzi wako. Mlete tu. Aguse anachotaka."

Solange akatoka. Alikuwa ameshamwita Bibi Terborg, na Bibi Terborg alikuwa ameshavaa koti na kuchukua karatasi yake, wote wawili wako katikati ya ngazi, ndipo neno lile lilipomgonga kisogoni.

Aguse.

Hakuwa amemwambia Mjomba habari ya kugusa.

Kabla hajageuka, harufu ikawafikia. Ilikuwa harufu tamu ya ukoko wa pai unaopata rangi.

Milango mikubwa ya banda ilikuwa wazi. Lori la kiwanda mama, ambalo huenda lilikuwa linasubiri karibu tangu asubuhi, lilikuwa limeshateremsha mzigo, na kando yake, chini ya taa, kilikaa chungu cha alumini kikipumua mawimbi ya joto. Pai zilikuwa zimepangwa juu ya Jiko la Bibi kama wanafunzi kwenye picha ya shule. Wanaume walikuwa wanasuguana mikono. Aliyekuwa anashuka kutoka kwenye kiti cha mbele cha lori, karibu na dereva, alikuwa Clovis.

Hakumtazama Solange. Alikuwa na shughuli nyingi sana na kidole kimoja cha glavu.

"Ndilo hili bamba?" aliuliza Bibi Terborg. Akavua glavu, akaligusa, akaondoa mkono haraka. "Ni moto."

"Siku zote ni moto, mama," akasema Mjomba Réjean, ambaye alikuwa ameshuka kwa ngazi ya nyuma na kofia yake ya sufu kichwani. "Watoto wangu hawa huwezi kuwalisha baridi. Umsamehe mpwa wangu. Amefanya kazi mno. Soso, mwanangu, tia saini, mgeni ana safari."

Wale waliokuwa kwenye foleni ya maikrowevu sasa walikuwa wanatazama pai zao kwa uchaji mkubwa.

Bibi Terborg akaiweka karatasi juu ya pipa lililofunikwa, akampa Solange kalamu. "Umeniita nije kugusa kitu baridi," alisema. "Nimegusa kitu cha moto. Sasa amua."

Solange akashika kalamu. Mtu mmoja tu duniani alikuwa ameambiwa habari ya bamba. Naye ndiye aliyemshika mabega akimwambia asiseme. Kwa muda alifikiri atatia saini tu, aende nyumbani akalale mpaka mwezi wa saba upite.

Tone likaanguka kwenye karatasi.

Halikuwa chozi, msiwe na haraka. Likaanguka jingine. Solange akainua macho.

Juu ya chungu, kwenye boriti, ilining'inia barafu nene, mikia mirefu kama ndevu za mababu, na yote ilikuwa imeanza kulia. Ukuta ulikuwa unatiririka. Chini ya Jiko la Bibi maji yalikuwa yanakusanyika kuwa kidimbwi.

"Bibi Terborg," alisema Solange, na sauti yake ilikuwa imetulia ajabu. "Kama chungu hiki kinakaa hapa kila siku, barafu ile ilikuwa inakaa wapi?"

Bibi Terborg akatazama juu. Wanaume wote wakatazama juu. Mjomba Réjean akakawia kidogo, na mkia mmoja wa barafu, kwa heshima zake zote, ukamwangukia kofiani.

Solange akaenda kwenye kona ya baba yake, akaichukua pai ya mama, akaivunja vipande viwili mbele ya mkaguzi. Kitako chake kilikuwa cha moto. Katikati, nyama ilikuwa bado imeganda, inang'aa kwa vipande vya barafu.

"Zivunje na zao utazikuta hivi hivi, na hapa pai huwekwa asubuhi," alisema. "Mchana mtu anaila na kuungua ulimi. Muulize yeyote kati yao kama ana ulimi ulioungua tangu majani yaanguke."

Hakuna aliyetoa ulimi.

Solange akarudi kwenye pipa. Hakutia saini. Aliandika kwa herufi kubwa juu ya karatasi iliyolowa kwamba anaondoa jina lake, kwenye hesabu hii ya mwaka na kwenye mizigo yote iliyopita, na akamrudishia mwenyewe kalamu. Ilikuwa kama kung'oa jino bila ganzi, lakini lilitoka.

"Vizuri," alisema Bibi Terborg. "Basi nina swali la pili. Nani aliyeagiza metali ya makaa?"

Mjomba Réjean akafungua kinywa. Hakuwahi.

"Ni yeye," alisema Clovis. "Solange ndiye aliyeagiza. Na ndiye aliyeificha gesi, akaiandika kuwa ya kupasha jengo. Muulize mwenyewe kama hakuiandika."

Matone yaliendelea kuanguka kwenye karatasi.

Ile siri ya gesi aliyompa uani ilikuwa imerudi ikiwa imevaa buti.

"Uliiandika?" aliuliza Bibi Terborg.

"Niliiandika," alisema Solange, kwa sababu ilikuwa kweli. "Clovis, nitazame unaposema hayo."

Clovis akatazama chungu. Nyuma yake mfanyakazi mmoja akatikisa kichwa kukubali, kisha wa pili, kisha foleni nzima ya maikrowevu, kichwa kimoja baada ya kingine. Watu waliomjua tangu akiwa na nepi. Kila mmoja alikuwa na nyumba ya kupasha joto.

Lakini Bibi Terborg hakuwa anawatazama wao. Alikuwa amefumba macho na kuinua kidole.

"Bwana," alimwambia Clovis, "hebu rudia."

"Nirudie nini?"

"Lolote. Hata jina la huyu dada."

"Solange," alisema Clovis, na jina likapita kwenye pengo la jino likitoka na filimbi yake nyembamba, ile ile ambayo Solange alikuwa akiipenda.

Bibi Terborg akafumbua macho. "Nimeshawahi kukusikia," alisema. "Kwenye simu."

Maji yalikuwa yanamtiririka Mjomba Réjean shingoni. Akageuka polepole, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulifanana na wa mpwa wake: uso wa mtu aliyeng'atwa kutoka ndani ya nguo zake mwenyewe.

"Clovis, mwanangu," alisema. "Uliniletea lori. Ulipanga na pai. Na kumbe ndiwe uliyewaita?"

Clovis akavua glavu, akaiweka juu ya Jiko la Bibi ikauke. Sasa ndipo alipomtazama Solange, na alikuwa anatabasamu kwa huzuni kidogo, kama mtu aliyebeba mzigo wa mwenzake na amechoka.

"Usiniulize mimi, Mzee," alisema. "Namba ya simu sikuitafuta mimi, na maneno sikuyatunga mimi. Muulize dada yako."

Mjomba Réjean ana dada mmoja tu duniani. Solange akatazama vipande viwili vya pai alivyokuwa bado amevishika, akasikia tena sauti ya mama yake asubuhi ile, mlangoni, tamu kama kawaida: *Leo usiile ofisini. Kalie chini na wenzako.*